Tuwaulize Nini Wagombea wa Bodi ya Chama cha Kujifunza?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga walisema hivyo juu ya bidhaa, lakini kila ufikapo wakati wa uchaguzi katika vyama vya walimu, methali hii hututia mashaka. Mgombea hana budi kujitembeza. Asipojieleza hatajulikana, na asipojulikana hatapata kura. Basi mpiga kura atamtambuaje aliye mwema katikati ya watu ambao wote wanajitembeza? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kuhusu aina moja tu ya vyama, yaani vile vilivyoundwa na walimu kwa ajili ya kujifunza kazi ya kufundisha. Maoni yetu ni kwamba wapiga kura wa vyama hivyo aghalabu huwauliza wagombea maswali yasiyogusa kazi yenyewe, na kwa sababu hiyo hujipatia viongozi wenye heshima kubwa katika jambo ambalo wao wenyewe wameacha kulifanya.

CHAMA CHA KUJIFUNZA NI CHAMA GANI?

Kwanza yatupasa kutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Chama cha Walimu Tanzania, kilichosajiliwa mwaka 1993, ni chama cha wafanyakazi. Kazi yake ni kutetea mishahara, madaraja na haki za walimu mbele ya mwajiri. Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, iliyotungiwa sheria mwaka 2018, ilikusudiwa kuwa chombo cha dola cha kusajili walimu na kusimamia viwango vya taaluma yao. Chama cha kujifunza ni kitu cha tatu. Hiki hakimlipi mwalimu, hakimsajili, wala hakimfukuzi kazi. Mwalimu hujiunga nacho kwa hiari yake, akatoa ada kutoka mfukoni mwake, kwa tumaini moja tu: kwamba kesho atafundisha vizuri kuliko alivyofundisha jana.

Vyama vya namna hii si vigeni kwetu. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kilianzishwa mwaka 1966, miaka mitano tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Katika nchi ya Marekani, walimu wa hisabati waliunda National Council of Teachers of Mathematics mwaka 1920. Huko huko Marekani, mwaka 1969, kikaanzishwa chama kingine ambacho hakikujifunga na somo lolote, bali kilishughulika na mafunzo ya walimu walio kazini. Jina lake la kwanza lilikuwa National Staff Development Council, yaani baraza la taifa la kuwaendeleza watumishi. Mwaka 2010 chama hicho kikabadili jina na kujiita Learning Forward. Mfano wa chama hiki utatusaidia sana katika makala haya, kwa kuwa kwa miaka mingi wanachama wake wamekuwa wakipewa orodha ya wagombea wa bodi pamoja na maelezo yao, kisha wakapiga kura.

Badiliko la jina lile si jambo la mapambo. Kuendelezwa ni tendo ambalo mtu hutendewa na mwingine. Kujifunza ni tendo lake mwenyewe. Katika suala hili lugha yetu ya Kiswahili iko wazi kuliko lugha nyingi. Kutokana na kitenzi kimoja tunapata kufunza, kufunzwa, kufunzana na kujifunza. Anayefunzwa hupokea. Anayejifunza ni mtendaji na mtendwa kwa wakati mmoja. Wanaofunzana ni wawili au zaidi, na hakuna mmoja kati yao aliye mtoaji daima wala mpokeaji daima. Wamarekani wale walihitaji miaka 41 ili neno la kujifunza liingie katika jina la chama chao. Sisi tunalo neno hilo tangu utotoni, na juu yake tunalo neno la kufunzana, ambalo kwa maoni yetu ndilo linaloeleza kazi halisi ya chama cha walimu. Kwa hiyo mgombea anayefaa ni yule aliyezoea kufunzana. Hilo ndilo dai letu lote. Yanayofuata ni maelezo yake.

BODI HUFANYA NINI?

Wako wanaodhani kuwa bodi ya chama cha namna hii hukutana, hupitisha hesabu, hutia sahihi na kutawanyika. Ingekuwa hivyo, isingelikuwa na maana kubwa ni nani aliyechaguliwa. Lakini uzoefu wa vyama tulivyovitaja waonyesha vinginevyo. Mwaka 1980 chama cha walimu wa hisabati cha Marekani kilitoa pendekezo kwamba utatuzi wa mafumbo uwe ndio kitovu cha hisabati shuleni katika miaka ile ya 1980. Mwaka 1989 kikatoa viwango vya mtaala wa hisabati vilivyosomwa na kujadiliwa hata nje ya nchi hiyo. Chama hakikuwa na amri juu ya shule hata moja, lakini neno lake lilifika madarasani.

Learning Forward nacho kilianza kutoa viwango vya mafunzo ya walimu kazini katika miaka ya 1990. Vikaandikwa upya mwaka 2001 vikiwa viwango 12, mwaka 2011 vikiwa 7, na mwaka 2022 vikiwa 11. Aidha, chama hicho kilikuwa miongoni mwa waliopigania namna sheria ya elimu ya Marekani ya Desemba 2015 itakavyoyaeleza mafunzo ya walimu. Sheria hiyo ilisema kwamba mafunzo yanayostahili yawe endelevu, ya kushirikiana, yanayofungamana na kazi ya kila siku na yanayolenga darasa. Nayo ikatamka kinaganaga kwamba warsha za siku moja zinazosimama peke yake hazitoshi. Basi tunaona kuwa bodi ya chama cha hiari yaweza kuchangia kuamua mwalimu atakusanywa vipi, kwa muda gani, na kwa shughuli gani.

Jambo hili lina uzito wake. Kila mmoja wetu aifahamu semina ya siku moja. Walimu hufika saa tatu, hujiandikisha, husikiliza mada mbili, huandika mawazo ya vikundi juu ya bango kitita, hupewa vyeti na nauli, na jioni hurudi makwao. Jumatatu darasa ni lile lile. Bruce Joyce na Beverly Showers walieleza tangu mwaka 1980 ni kwa nini huwa hivyo. Kwa mujibu wa uchambuzi wao, mwalimu akielezwa nadharia peke yake, si rahisi mbinu mpya kuingia katika ufundishaji wake. Yafaa aone mfano, ajaribu mwenyewe, apewe maoni juu ya jaribio lake, na zaidi ya yote awe na mtu wa kumsaidia hukohuko darasani hadi mbinu hiyo iwe mali yake. Semina ya siku moja huishia katika hatua ya kwanza, pengine ya pili.

Nchini Tanzania jambo hilo limekwisha kukubaliwa katika mipango. Tangu mwaka 2020 tunao mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, ambao msingi wake ni Jumuiya za Ujifunzaji shuleni. Walimu wa shule moja, au wa shule jirani, wanatarajiwa kukaa pamoja mara kwa mara na kuitazama kazi yao. Ni mpango mwema. Hata hivyo, waraka peke yake hauwezi kumfanya mwalimu amfungulie mwenzake mlango wa darasa. Vyama vya hiari vya walimu vingeweza kuwa shule ya desturi hiyo, lakini tu iwapo bodi zao zimejaa watu ambao kwao desturi hiyo si ngeni. Bodi iliyozoea semina itaandaa semina.

MAELEZO YA WAGOMBEA

Hebu sasa tuyatazame maelezo ambayo wagombea hutuletea. Hayatofautiani sana, iwe ni Marekani au hapa kwetu. Kwanza huja shahada na mahali zilikopatikana. Kisha huja vyeo: mkuu wa shule, mratibu, afisa, mjumbe wa kamati hii na ile. Kisha huja idadi ya miaka ya utumishi. Kisha huja semina alizohudhuria na nchi alizozuru. Mwisho huja ahadi, ambayo kwa kawaida ni kushirikiana na wadau ili kuinua kiwango cha elimu.

Hatusemi kwamba mambo haya ni ya uongo au ya aibu. Twasema kwamba hayatoshi kutuongoza. Cheo ni ushahidi kwamba mtu aliwahi kuteuliwa na mkubwa wake. Si ushahidi kwamba wenzake walijifunza kitu kwake. Miaka ya utumishi ni ushahidi wa uvumilivu, nayo ni sifa njema, lakini mtu aweza kulitumia andalio la somo lile lile miaka yote hiyo. Na pale ambapo maelezo hayana uzito, mpiga kura hurudi kwenye mambo mengine: huyu ni wa wilaya yetu, huyu tulisoma naye, huyu ni wa dhehebu letu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini bodi ya chama si ngoma ya kijijini.

Sisi wakufunzi wa vyuo vya ualimu tunapaswa kuliona kosa hili mapema kuliko wengine, maana ni kosa la upimaji. Twawafundisha wanachuo wetu kwamba jaribio halali ni lile linalopima kile lilichokusudiwa kupima. Mwalimu akitaka kujua kama mtoto anaweza kusoma kwa ufasaha, humpa kitabu asome. Hamwombi ataje herufi ngapi zimo katika alfabeti. Vivyo hivyo, wakati wa mazoezi ya kufundisha, hakuna mkufunzi anayempitisha mwanachuo kwa kuwa ameandika insha nzuri juu ya umuhimu wa zana. Twaenda shuleni, twaketi nyuma ya darasa, twasoma andalio la somo, twatazama ubao na nyuso za watoto, ndipo tunapotoa alama. Inakuwaje basi, tunapochagua watu wa kuongoza kujifunza kwa walimu wote, tukaridhika na orodha ya vyeo? Karatasi ya kura ni jaribio kama majaribio mengine, na yatupasa kuliuliza: wewe wapima nini?

MASWALI MANNE

Kukosoa ni rahisi. Kupendekeza ndiko kuna kazi. Tunapendekeza maswali manne, na msingi wake hatukuutunga wenyewe. Mwaka 1982 mtafiti wa Kimarekani, Judith Warren Little, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika shule sita za mjini. Alitaka kujua ni nini kinachozitofautisha shule ambamo walimu wanaendelea kujifunza na zile ambamo wamesimama. Aliona mazoea manne: walimu huzungumza mara kwa mara na kwa undani juu ya ufundishaji, hutazamana wakifundisha na kuambiana waliyoyaona, huandaa masomo na vifaa kwa pamoja, nao hufundishana kazi ya kufundisha. Mazoea haya yalionekana shuleni, lakini twaona yafaa kuwa kipimo cha mtu anayetaka kuongoza chama.

Swali la kwanza: Wewe na wenzako mwazungumza nini juu ya kufundisha? Tunauliza hivyo kwa sababu katika vyumba vingi vya walimu mazungumzo huishia kwamba wanafunzi ni wavivu, wazazi hawajali, vitabu ni vichache. Yote hayo yaweza kuwa kweli, lakini hayamfunzi mtu kufundisha. Mazungumzo yanayofunza ni yale yenye kitu mahsusi. Mwalimu asemapo, “Watoto wangu wakijumlisha nusu na theluthi wanaandika 2/5, kwa maana wamejumlisha kiasi na kiasi, kisha asili na asili, wewe uliwaondoaje katika kosa hilo?” hapo kazi imeanza. Mgombea aliyezoea mazungumzo hayo atatupa mfano wa namna hiyo bila kutafuta. Asiyeyazoea atatupa hotuba.

Swali la pili: Mwaka huu ni nani aliyeingia darasani mwako akakutazama ukifundisha, naye alikuambia nini? Hatumkusudii mthibiti ubora anayekuja kwa mujibu wa kazi yake. Twamkusudia mwalimu mwenzako uliyemwalika mwenyewe. Swali hili ni gumu kuliko yote, kwa sababu laugusa uoga wetu. Kwa wengi wetu mlango wa darasa ukifungwa ni kama mlango wa nyumba. Anayeingia bila kuamriwa ni mdadisi, na anayealikwa ni shahidi wa udhaifu. Lakini mtu asiyekubali kutazamwa hawezi kuwashawishi wengine watazamane. Iwapo mgombea ni mkuu wa shule au mkufunzi, swali hili lamhusu zaidi, maana yeye ndiye anayezoea kuwatazama wengine. Na aliyekwisha kuacha kufundisha kabisa aulizwe: ni kazi gani yako nyingine uliyoifungua mbele ya macho ya wenzako?

Swali la tatu: Ni kitu gani mlichokiandaa pamoja, nacho kilibadilikaje baada ya kutumiwa? Wajapani wana desturi ya siku nyingi ya kulichunguza somo. Walimu kadhaa huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao hulifundisha, wengine huwatazama wanafunzi na si mwalimu tu, kisha hukaa, husema walichokiona, na kulirekebisha somo lile. Kitabu cha James Stigler na James Hiebert cha mwaka 1999 kiliwajulisha wengi nje ya Japani juu ya desturi hiyo. Utaratibu huu hauhitaji mitambo wala fedha nyingi. Wahitaji muda na unyenyekevu. Mgombea akituambia, “Sisi walimu watatu wa Darasa la Nne tuliandaa somo la kugawanya, mara ya kwanza watoto walikwama kwenye baki, mara ya pili tukawapa maharagwe wayagawe kabla ya kuona tarakimu,” huyo amejibu. Akituambia kwamba anaamini sana katika ushirikiano, hajajibu.

Swali la nne: Ni nani uliyemfunza, na ni nani aliyekufunza wewe? Sehemu ya kwanza wengi wataijibu kwa furaha. Sehemu ya pili ndiyo itakayotuonyesha mtu. Katika jamii yetu umri una heshima yake, na hatutaki heshima hiyo ipotee. Hata hivyo, katika kazi hii yawezekana mwalimu wa miaka mitatu kazini akajua jambo asilolijua mwalimu wa miaka 30, na kinyume chake. Mzee anayeweza kusema hadharani, “Jambo hili nilifunzwa na kijana wangu fulani,” hajapunguza heshima yake, bali amewafungulia vijana wote mdomo. Mtu wa namna hiyo akiwa mwenyekiti wa mkutano, wanyonge husema. Kijana naye anayeweza kumtaja mzee aliyemfunza, na kusema alimfunza nini hasa, ameonyesha kwamba hakuja kuubomoa uzoefu wa wengine.

HOJA ZA WASIOKUBALI

Tumekwisha kusikia hoja kadhaa dhidi ya maoni haya, nazo zastahili majibu.

Ya kwanza ni kwamba bodi si darasa. Chama kina fedha, mikataba na wafanyakazi. Chahitaji watu wanaoijua hesabu na sheria. Twakubali. Mtunza hazina asiyejua hesabu ni hatari, na mwalimu bora anaweza kuwa mtunza hazina mbaya. Lakini mahitaji hayo ni ya viti kimoja au viwili. Hayawezi kuwa sababu ya kujaza viti vyote watu wasiojua tena harufu ya chaki. Tena hata mtunza hazina ataamua fedha ziende kwenye nini: ukumbi wa hoteli au nauli ya mwalimu kumtembelea mwalimu.

Hoja ya pili ni kwamba wenye vyeo hufungua milango wizarani na kwa wafadhili. Hii nayo ina ukweli. Lakini mlango ukishafunguliwa, anayeingia atasema nini? Kwa watu wa heshima chama kinayo nafasi ya mlezi, ambayo ni ya zamani na inaeleweka na wote. Mlezi hufungua mlango. Bodi huingia na kueleza mahitaji ya darasa. Tukiuchanganya ulezi na uongozi, tutakuwa na milango mingi iliyo wazi na hakuna wa kupita.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: mwalimu wa darasa hana nafasi. Ana watoto wengi, vipindi vingi, madaftari ya kusahihisha, na pengine yuko mbali na barabara. Ni kweli. Ndiyo maana bodi nyingi hujikuta zimejaa watu wa mjini wenye ofisi, si kwa hila ya mtu bali kwa sababu wao tu ndio wanaoweza kufika. Lakini hili si jambo la kulikubali kama mvua. Mikutano yaweza kuwekwa wakati wa likizo. Mambo madogo yaweza kuamuliwa kwa simu. Nauli ya mjumbe kutoka kijijini yaweza kuwekwa katika makadirio ya matumizi kabla ya chakula cha wageni. Chama kisichoweza kumlipia nauli mwalimu wa kijijini kina haki ya kuendelea, ila kisijiite cha walimu wote.

Hoja ya nne ni kwamba wagombea watajifunza kujibu maswali haya kwa hila, kama watahiniwa wanaokariri majibu ya miaka iliyopita. Huenda. Ndiyo sababu maswali yetu yanadai majina ya wenzako, darasa, somo na kilichobadilika. Ni vigumu kubuni mambo hayo mbele ya watu wanaofanya kazi nawe, na walimu ni watu wanaofahamiana.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Kwa kuzingatia hayo yote, tunapendekeza vyama vya walimu vya kujifunza, vikubwa kwa vidogo, vifikirie kanuni zifuatazo katika chaguzi zao:

(a) Wagombea wote wapewe maswali yale yale manne, wayajibu kwa maandishi yasiyozidi ukurasa mmoja, na majibu yachapishwe pamoja ili wanachama wayalinganishe. Shahada na vyeo viandikwe mwishoni, kwa mistari miwili.

(b) Jina la mgombea lipendekezwe na wanachama wawili ambao wamewahi kumtazama akifundisha au kufanya kazi nao katika kuandaa masomo, nao waseme hivyo kwa sahihi zao. Kwa njia hii mwalimu mzuri asiyejua kujitembeza atapata watu wa kumtembeza.

(c) Baadhi ya viti vitengwe kwa ngazi za shule. Kura za chama cha walimu wa hisabati cha Marekani zimekuwa na nafasi za wajumbe wa shule za msingi, za kati na za sekondari, ili ngazi moja isizimeze nyingine. Kwetu tungeongeza kiti cha mwalimu wa shule ya kijijini.

(d) Mjumbe anayeomba kuchaguliwa tena asilete ahadi mpya. Alete taarifa fupi: katika kipindi chake wanachama walijifunza nini, kwa njia gani, na yeye mwenyewe alijifunza nini. Chama cha kujifunza ambacho viongozi wake hawana la kusema juu ya walichojifunza kimekwisha kubadili kazi yake bila kubadili jina.

Yawezekana kanuni hizi zikawa ngumu kutekelezwa zote kwa mara moja. Tungeshauri waanze na ile ya kwanza, ambayo haina gharama ila ya karatasi.

Neno la mwisho ni kwa wanachuo wetu. Baada ya muda mfupi watakuwa shuleni, na wengi wao wataalikwa kujiunga na chama hiki au kile. Wataletewa karatasi za kura zenye majina wasiyoyajua, na watashawishika kumpa kura yule mwenye sifa ndefu, au kutopiga kura kabisa kwa kudhani kwamba mambo hayo ni ya wakubwa. Tungependa wakumbuke kwamba wao ndio watakaoketi katika semina ambazo bodi hiyo itaziandaa, na watoto wa madarasa yao ndio watakaopata au kukosa matunda yake. Kuuliza si ujinga. Basi wawaulize wagombea, kwa adabu na bila woga, nani aliingia madarasani mwao mwaka huu na aliwaambia nini. Tunaliacha suala hili mbele ya wasomaji wa jarida hili, nasi tutafurahi kusoma maoni yao katika kurasa hizi, hasa ya wale wasiokubaliana nasi.